Vuli ya Beijing Si Vuli ya Dar

Maswali ya wasomaji: tiba asilia ya Kichina, kukandwa, na majira yanapogeuka

Nimesoma kwamba katika tiba ya Kichina vuli ni msimu wa mapafu na ukavu, kwa hiyo mtu ale peasi na vitu vya kulainisha koo. Lakini vuli yetu ni mvua, matope na fukuto. Nani amekosea? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Amekosea mfasiri. Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Vitabu vimelibebesha neno hilohilo maana ya majira ya majani kupukutika huko kaskazini ya dunia, na majira hayo, kwa mtu wa Beijing, ni anga jeupe, upepo mkavu na midomo inayopasuka. Ukichukua ushauri wa msimu mmoja ukauvisha jina la mwingine, unajikuta unakula peasi baridi la mvuke wakati mwili umeshajaa maji.

Wachina wana vituo 24 vya mwaka, kila kimoja siku 15 hivi, vilivyopangwa kwa mwendo wa jua na hali ya hewa ya bonde la Mto Huang He. UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2016. Bailu, maana yake umande mweupe, huangukia Septemba 7 au 8. Shuangjiang, kushuka kwa sakitu, huangukia Oktoba 23 au 24. Sasa sakitu na Tabata wapi na wapi? Kalenda hiyo haihamishiki. Kinachohamishika ni hoja iliyo chini yake: hewa hushambulia mwili kwa sura sita, yaani upepo, baridi, joto la jua, unyevu, ukavu na moto, na kila sura ina mahali inapopenda kuingilia. Ukavu huenda mapafuni. Unyevu huenda kwenye wengu, na hapo wengu maana yake ni kazi nzima ya kusaga chakula, si kile kiungo anachokijua daktari wa upasuaji. Baridi huelekea figo, upepo ini, joto moyo.

Kwa hiyo usiulize leo tarehe ngapi. Uliza nje kukoje na ulimi wako ukoje. Vuli na masika za Pwani ni unyevu: tumbo kujaa, mwili mzito asubuhi, utando mnene mweupe juu ya ulimi, fangasi katikati ya vidole. Hapo dawa ya jikoni ni tangawizi, iliki, mchaichai, na kupunguza vyakula vya mafuta mengi, maziwa baridi na soda za barafu. Ukavu wa kweli utaukuta Dodoma au Iringa kuanzia Agosti, vumbi likipanda, kikohozi kikitoka bila makohozi. Huko ndiko peasi lina kazi. Chukua moja la gramu 250 hivi, mapeasi ya Lushoto yanafaa kabisa. Kata kichwa kiwe kifuniko, toa moyo wenye mbegu, tia gramu 10 za sukari ya mawe, rudisha kifuniko, weka kwenye bakuli na upike kwa mvuke dakika 40. Kula lingali vuguvugu, pamoja na maji yake. Mwenye kisukari aache sukari na asizidishe nusu tunda. Mwenye kuharisha asile kabisa, maana litamzidishia.

Kliniki moja hapa Nairobi inatangaza plasta za mgongoni za kuzuia pumu, zibandikwe Julai "siku za joto kali." Julai hapa tunavaa sweta. Nibandike? – Baba wa mtoto mwenye pumu, Kasarani

Umeuliza swali ambalo kliniki hiyo ilipaswa kujiuliza. Plasta hizo huitwa sanfutie. Sanfu ni vipindi vitatu vya joto kali kuliko vyote kaskazini ya dunia, kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Nadharia inasema ugonjwa wa baridi utibiwe wakati wa joto, kwa sababu ngozi imefunguka na baridi iliyojificha kifuani ni dhaifu. Nairobi mwezi Julai ndio mwezi wa baridi. Kwa mantiki yao wenyewe, wakati wake hapo ungekuwa Januari na Februari. Anayekuuzia Julai anafuata kalenda ya China bila kutazama dirishani.

Kuhusu plasta yenyewe: msingi wake ni mbegu za haradali nyeupe, baijiezi, zilizosagwa na kukandwa kwa maji ya tangawizi, pamoja na mizizi kadhaa, halafu hubandikwa pande mbili za uti wa mgongo, sehemu ya juu. Haradali huunguza, na kuunguza ndiyo kazi yake. Mtu mzima huikaa saa 2 hadi 4, ngozi ya mtoto haistahimili hivyo. Ikizidi muda hutoa malengelenge, na kwenye ngozi nyeusi lengelenge huacha doa ambalo huchukua miezi kufifia. Aliye na tabia ya kuota makovu ya kuvimba asibandike kabisa. Tena uliza kama ndani kuna xixin, ambayo ni jamii ya mimea yenye asidi ya aristolokiki, sumu ya figo. Wakisema "ni siri ya familia," rudi nyumbani.

Dawa ya mtoto ya kuvuta isiachwe hata siku moja, uwe umebandika au hujabandika.

Niko Guangzhou, nafanya biashara pale Xiaobei. Kila Machi kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, na mimi nachoka kama nimelala macho. Mama mwenye nyumba ananiambia ninywe chai chungu ya mtaani. Ni nini hasa ile? – Msomaji, Guangzhou

Hali hiyo ina jina lake: huinantian. Hewa ya joto yenye maji kutoka baharini kusini inarudi ghafla, wakati kuta na sakafu bado zina ubaridi wa miezi iliyopita. Matone ya maji yanajishika juu yake kama yanavyojishika kwenye chupa iliyotoka friji. Kosa la wageni wengi ni kufungua madirisha "hewa ipite," na hapo unakaribisha maji ndani. Funga, hasa asubuhi na usiku, kwanza upande wa kusini, washa kiyoyozi kwenye hali ya kukausha, na ufungue tu upepo wa kaskazini ukirudi.

Kwa mwili, supu ya kawaida ya huko ni yiren gramu 30, zile punje nyeupe zenye mfereji katikati kama shayiri, na chixiaodou gramu 30. Ukienda dukani, chixiaodou ni maharage membamba marefu, si yale mekundu ya mviringo ya kutengenezea vitamu. Yanafanana ukiwa na haraka. Kaanga yiren kavu kwenye sufuria mpaka zigeuke rangi ya biskuti, kwa sababu mbichi zinasemwa kuwa na ubaridi unaomsumbua mwenye tumbo dhaifu. Loweka maharage saa 4, chemsha vyote kwa lita 1.5 za maji dakika 50, tia kipande cha chenpi, ganda kavu la chenza. Kunywa maji na kula punje. Mjamzito aache yiren.

Ile chai chungu ni liangcha, chai ya kupoza, na Guangdong ni kwao. Kumbuka liangcha hupambana na moto: koo jekundu, vidonda vya mdomo, choo kigumu. Wewe unalalamika uzito na uchovu, huo ni unyevu. Ukiinywa kila siku kama maji, utaishia kuharisha na kusikia baridi tumboni, kisha utalaumu chakula.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD upo sana Guangdong, na upo sana Afrika Mashariki, kwa sababu ileile: sehemu zote mbili zimeishi na malaria karne nyingi, na upungufu huo huwapa wenye nao kinga fulani. Ndiyo sababu familia za huko huwaepusha watoto wenye upungufu huo na maua ya jinyinhua na mzizi wa huanglian, kwa kuwa vinahofiwa kupasua chembe nyekundu za damu. Jinyinhua imo katika liangcha nyingi. Kama uliwahi kupata mkojo wa rangi ya kahawa au macho ya njano baada ya kumeza dawa fulani, pima G6PD kabla ya kuzoea kibanda cha chai.

Shikamooni. Huku Njombe kipupwe kimekaza. Watoto wana mafua kila wiki. Nasikia supu ya tangawizi ya Kichina ni nzuri kuliko chai yetu ya tangawizi. Naombeni vipimo. – Mama wa watoto wawili, Njombe

Marahaba. Siyo nzuri kuliko yenu, ila ina masharti, na masharti ndiyo yanayoifanya dawa.

Sharti la kwanza ni kutambua mafua ya aina gani. Mafua ya upepo-baridi huanza na kusikia baridi, kamasi jepesi kama maji, shingo na mgongo kuuma, na koo linawasha tu bila kuwa jekundu. Hayo ndiyo ya tangawizi. Mafua ya upepo-joto yana koo jekundu linalouma, kamasi la njano, kiu na joto kuliko baridi. Ukimpa huyu tangawizi unamwagia petroli. Yeye apewe maua makavu ya krisanthemamu, juhua, gramu 5, na majani machache ya mnanaa yatiwe dakika 5 za mwisho.

Vipimo kwa mtu mzima mmoja: tangawizi mbichi gramu 15, kama kidole gumba, na maganda yake, vipande vyembamba. Vitunguu majani mashina 3, sehemu nyeupe pamoja na mizizi iliyooshwa vizuri. Sukari guru kijiko kimoja kikubwa. Maji nusu lita. Chemsha tangawizi na sukari guru dakika 6, tia vitunguu, dakika 2 zaidi, epua. Sufuria iwe na kifuniko muda wote. Mafuta yanayonukia ndiyo kazi yenyewe. Ukichemsha nusu saa bila kufunika, umeinukiza nyumba na kubaki na maji makali. Anywe ya moto, ajifunike blanketi, na asubiri jasho dogo la kulowesha shingo na mgongo. Jasho likifika, abadilishe nguo na akae mbali na upepo. Wengi huharibu hapa: wanajifunika mpaka mashuka yanakamuka. Huko ni kumaliza maji mwilini, na mgonjwa huamka dhaifu kuliko alivyolala. Inyweke mchana. Usiku haifai, tangawizi huamsha.

Mtoto wa miaka 3 hadi 6 apewe robo ya kipimo hicho, isiyo kali. Chini ya mwaka mmoja asipewe hii wala asali. Huyo mtoto mdogo mkande. Paka mafuta kidogo kwenye dole gumba zako, panda kwa zamu kutoka katikati ya nyusi hadi mwanzo wa nywele, mara 30. Kisha telezesha kutoka katikati ya nyusi kuelekea nje, mara 30. Zungusha taratibu kwenye panja, mara 30. Malizia nyuma ya masikio, kwenye kile kifupa kilichotokeza, mara 30. Uzito wa mkono uwe kama unafuta machozi. Huko China mikandio hii minne ndiyo ya kwanza kufundishwa kwa mafua ya watoto.

Haya yote ni kwa mafua. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza, hata Njombe, kwa sababu watu husafiri kwenda mabondeni na kurudi. Na hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Hapo weka sufuria pembeni, nenda kituo cha afya.

Gua sha ya shingo kwa kijiko nimeona wanafanya mpaka inakuwa nyekundu kama nyanya. Yangu haiwi nyekundu hata nikwangue vipi. Nafanya vibaya? – Msomaji, Kisumu

Acha kwanza. Unajiumiza kwa kusubiri rangi ambayo ngozi yako haitaionyesha.

Gua ni kukwangua. Sha ni zile punje nyekundu kama mchanga zinazojitokeza. Kitaalamu ni damu kidogo iliyovuja kutoka vishipa vidogo chini ya ngozi. Si sumu, yeyote atakayekuambia ni sumu anakupiga chuku. Kwenye ngozi nyeupe huonekana haraka. Kwenye ngozi nyeusi huja kama weusi wa zambarau, au haionekani kabisa kwenye taa ya ndani. Kwa hiyo usitumie jicho, tumia vidole na hesabu. Pitisha ncha za vidole juu ya sehemu uliyokwangua: ikiwa imepata joto na unahisi punje punje ndogo kama ngozi ya chungwa, basi imetosha. Na hata kama huhisi kitu, mikwaruzo 20 kwa mstari mmoja ndiyo mwisho.

Kijiko cha supu cha kauri kinafaa kuliko cha chuma, ilimradi ukingo usiwe na ufa: pitisha ukucha kuzunguka ukingo wote, ukikwama popote kitupe. Kioshe kwa sabuni, kifute kwa spiriti. Paka mafuta ya nazi au ya ufuta mpaka kijiko kiteleze bila kuvuta ngozi. Kilaze kiwe na mwinuko wa nyuzi 45 hivi. Kikisimama wima kinachimba. Mtu akae ameinamisha kichwa mbele kidogo. Mstari wa kwanza ni kutoka mwanzo wa nywele katikati ya kisogo hadi kile kifupa kikubwa chini ya shingo, kwa mkono mwepesi kwa sababu hapo ni mfupa mtupu. Mistari ya pili na ya tatu inaanza kwenye vishimo viwili chini ya fuvu, mahali paitwapo Fengchi, "bwawa la upepo," inashuka pembeni ya shingo na kutoka nje kuelekea bega. Kila mkwaruzo uende upande mmoja tu, kutoka juu kushuka chini, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Usirudishe kama unapiga mswaki. Mbele ya shingo, penye mapigo ya mshipa, usiguse.

Dakika 15 zinatosha kwa shingo na mabega. Ukimaliza futa mafuta, funika shingo, kunywa maji vuguvugu, na usioge maji baridi kwa saa 4. Usirudie mpaka maumivu yaishe yote ukibonyeza, kwa kawaida siku 5 hadi 7. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye selimundu, na mwenye makovu yanayovimba hasa mabegani, wasifanye. Kwao kubonyeza Fengchi kwa dole gumba, dakika 2 kila upande, huku wakipumua taratibu, huleta nafuu bila kuvuja damu.

Vikombe vya Kichina na hijama tofauti ni nini? – Msomaji, Tanga

Hijama huchanja na kutoa damu. Vikombe vya Kichina kwa kawaida ni vikavu, vinavuta tu. Na wala si ugeni huku Pwani: wazee walikuwa wakiumika kwa pembe, na pembe hiyo ndiyo chuku. Kikombe kikavu kikae dakika 5 hadi 10. Zaidi ya hapo ngozi hutoa malengelenge. Cha moto, hatari yake ni spiriti: pamba ikiwa inadondosha, moto unafuata tone hadi mgongoni. Pamba ikamuliwe, moto uzungushwe ndani ya kikombe sekunde moja na kutolewa, ndipo kikombe kibandikwe. Moto haubaki ndani. Kwa hijama angalia kitu kimoja tu kabla ya kuvua shati: wembe ufunguliwe kwenye pakiti mbele yako na vikombe viwe vipya au vilivyotakaswa hospitalini, kwa ajili ya homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Mwenye upungufu wa damu asichanjwe.

Nimehamia Minneapolis mwaka wa pili huu. Desemba miguu inaganda, ngozi inachanika, pua inatoka damu. Nifuate ushauri wa baridi au wa ukavu? – Mkenya, Minnesota

Vyote viwili, kwa saa tofauti. Nje ni baridi. Ndani, mitambo ya kupasha joto imekausha hewa kuliko Dodoma ya Septemba, na humo ndimo unamoishi saa 20 kwa siku. Wengi wanaohama hujitibu baridi peke yake kwa tangawizi na pilipili, kisha wanashangaa pua kutoka damu.

Mchana shughulikia ukavu. Pua ipakwe mafuta ya ufuta kwa pamba, kidogo tu kwenye ukuta wa ndani, asubuhi na jioni. Kunywa mchuzi wa uyoga mweupe, yin'er: chagua wenye rangi ya manjano hafifu, mweupe pe unaochoma pua umefukizwa salfa. Gramu 10 loweka maji baridi ndani ya friji saa 2, kata kitako kigumu cha njano, chana vipande vidogo, chemsha moto mdogo saa 1 na nusu hadi mchuzi uwe mzito unaonata kwenye kijiko. Dakika 10 za mwisho tia gouqi, tunda dogo jekundu, gramu 10, na peasi ukipenda.

Usiulaze uyoga kwenye maji juu ya meza usiku kucha. Uyoga uliolowekwa muda mrefu penye joto unaweza kuotesha bakteria anayetoa asidi ya bongkreki, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. China imewahi kuzika watu kwa sababu hii. Sumu ileile ndiyo iliyopatikana katika pombe iliyoua watu 75 Chitima, Msumbiji, Januari 2015, kwa hiyo si hadithi ya mbali. Uyoga ukiwa unateleza au una harufu, au ukiwa umesahau uliuloweka lini, tupa.

Usiku shughulikia baridi. Saa moja baada ya chakula, tia miguu kwenye ndoo, maji yapite vifundo kwa sentimita 10, joto nyuzi 40, dakika 15 hadi 20. Ongeza maji ya moto ukiwa umeitoa miguu. Jasho likianza kuchungulia kwenye paji la uso, toka. Futa katikati ya vidole, paka mafuta nyayoni, vaa soksi. Halafu bonyeza Zusanli: vidole vinne vilivyobanana chini ya kilegesambwa, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Ukiupata unasikia mvuto mzito unaoshuka hadi mguuni, si maumivu makali. Dakika 3 kila mguu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiloweke kabisa, maana ataungua na hatajua hadi asubuhi.

Na kwa kuwa utakaa ndani miezi mitano, jifunze baduanjin, mazoezi manane ya polepole, dakika 12 hivi kwa mzunguko. Ukiwa na muda wa mawili tu, fanya la kwanza na la mwisho. La kwanza: funganisha vidole mbele ya tumbo, panda hadi kifuani, geuza viganja na usukume mbingu juu huku ukivuta pumzi, shusha ukiitoa, mara 6. Kosa ni kupandisha mabega hadi masikioni na kubana pumzi. La mwisho: inuka kwa vidole vya miguu, kaa sekunde 2, kisha jiachie visigino vigonge sakafu kidogo, magoti yakiwa laini, mara 7. Mwenye mifupa dhaifu ashushe visigino bila kugonga.

Kama dawa ya mseto ya malaria imetoka kwenye mmea wa Kichina, kwa nini nisinywe chai ya mmea huo masika yote kujikinga? – Msomaji, Morogoro

Kwa sababu kikombe hakina kipimo. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, alipata fununu kwenye andiko la kale linalosema mmea huo, qinghao, ulowekwe na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Moto ulikuwa ukiharibu kiini, naye akageukia kuchuja kwa etha isiyohitaji joto kali. Chai yako ya maji yanayochemka inarudi kwenye kosa hilohilo, na kiasi kidogo kisichotosha kuua vimelea kinawafunza kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2019 wa kutounga mkono chai hiyo kwa kutibu wala kukinga malaria. Chandarua.

Assalaam aleikum. Nina presha, natumia dawa za hospitali. Kusi likianza napata mafua, na duka moja la dawa za Kichina linanipa vidonge vinavyofungua pua dakika tano. Wanasema ni majani tu. – Msomaji, Unguja

Waaleikum salaam. Timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, na daktari wa namna hiyo atakuuliza presha yako kabla ya kukupa chochote. Muuza duka hakuuliza.

Kitu kinachofungua pua dakika tano mara nyingi ni mmea uitwao mahuang. Ina efedrini, inabana mishipa ya damu, pua inafunguka na presha inapanda kwa mkono uleule. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Cha pili ni gancao, mzizi mtamu uliomo katika dawa nyingi mno za Kichina kwa kulainisha ladha na kupatanisha viungo. Ukitumia wiki kadhaa mfululizo, hushikilia chumvi na maji mwilini na kutoa potasiamu: vifundo vinavimba, misuli inalegea, dawa ya presha inaonekana "imeacha kufanya kazi." Kama unatumia pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mizizi ya danggui na danshen inaweza kukuzidishia kutoka damu.

Majani tu? Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliokuwa wakipunguza unene waliharibikiwa figo kwa sababu mzizi wa hanfangji ulichanganywa na guangfangji. Majina yanafanana, na huo wa pili ndio wenye ile asidi ya aristolokiki tuliyoitaja kwa plasta.

Kwa mafua ya kusi, fungua pua kwa mkono. Weka ncha za vidole vya shahada pembeni mwa matundu ya pua, kwenye mfereji unaoshuka kuelekea mdomoni. Mahali hapo ni Yingxiang. Sugua juu na chini mara 60 hadi pawe na joto, kisha bonyeza na ushikilie dakika 1. Jifukize kwa maji ya moto na mchaichai dakika 5, bakuli likiwa mezani, si magotini.

Vidonge ulivyokwisha kumeza, peleka kopo lake kwa mfamasia wa hospitali unakochukulia dawa za presha, hata kama maandishi yake ni ya Kichina, na umwambie umemeza vingapi kwa siku ngapi. Pima presha asubuhi kabla ya chai, siku 7 mfululizo, uandike. Ikizidi 140 kwa 90 siku mbili kufuatana, rudi kwa daktari na karatasi hiyo, bila kupunguza vidonge vya hospitali mwenyewe.